Sauti ya Kumwita Ffan

Katika bonde lile la wafuga kondoo kila mtu hubandikwa kazi yake nyuma ya jina, kama mkia. Yuko Huw Mkate, yuko Dilys Posta, yuko Gareth Mabomba ambaye bomba la nyumbani kwake mwenyewe linavuja mwaka wa pili huu. Kwa hiyo Nerys Pugh aliporudi kutoka chuoni na kuanza kuzunguka nyumba kwa nyumba akiwafundisha watu wazima kusema na kumeza upya baada ya kiharusi, hakupewa hata nafasi ya kupumua. Akaitwa Nerys Koo. Mwanzoni alinuna. Mwanamke mzima, kasoma mpaka macho yamechoka, halafu anaitwa Koo! Lakini siku mtu alipopaliwa na nyama harusini na ukumbi mzima ukapiga kelele, "Koo yuko wapi? Mwiteni Koo!" alijikuta ameshasimama na anakimbia. Jina likamkaa tangu siku ile.

Sasa ni mama wa miaka hamsini na ushee, mfupi, ana mwili wake, na mdomo wake hauna kufuli. Gari lake linanuka ndizi zilizopitiliza, maana hubeba ndizi za kuponda, mtindi, biskuti laini na makopo ya ule unga wa kuvifanya vinywaji viwe vizito. Akiingia kwa mgonjwa haanzi na ulimi wala shingo. Anaketi jikoni kwanza, anatazama nani anapika, nani anamkatiza nani, kiti cha mgonjwa kiko upande gani wa meza. Wakubwa zake wa ofisini humlalamikia kwamba anakaa sana kwa watu. Yeye huwajibu kwamba watu hawamezi na karatasi, wanameza na wenzao mezani, na kama wana haraka waende wenyewe wakapande milima ile.

Wagonjwa amewaona wengi, na wengi kawapenda. Lakini ukimkuta amekaa vizuri na ukamuuliza ni nani aliyemsumbua kuliko wote, atacheka kwanza, kisha atasema, "Ithel Bebb wa Hafod Las. Yule mzee, jamani! Yule mzee na mbwa wake."

Ithel alikuwa mfugaji wa kondoo, Hafod Las ndilo shamba lake, na kabla ya kuugua hapakuwa na mbishi wa kumpita bondeni. Aligombana na mchungaji kuhusu urefu wa mahubiri, na daktari wa mifugo kuhusu dozi, na jirani yake wa ng'ambo ya mto, Idwal Rees, kuhusu kila kitu kilichoko chini ya jua. Na watu walifurahi. Ugomvi wa Ithel ulikuwa burudani, haukumtoa mtu damu. Basi majira ya baridi kiharusi kikamwangusha zizini, ndoo mkononi. Mkono ukarudi, mguu ukarudi nusu. Mdomo ukabaki umelegea upande mmoja, na maneno yakawa yanatoka yamebanana, kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani.

Akili ilikuwa timamu, hilo lieleweke. Kila alichotaka kusema alikijua. Misuli ndiyo iliyomgomea. Lakini binadamu ndivyo tulivyo: sauti ya mtu ikiharibika, tunadhani na kichwa kimekwenda. Wageni wakija walimpigia kelele kama kiziwi, na akijibu walimgeukia mkewe, Bi Gwenda. "Anasemaje?" Kisha wakampapasa bega. Wote walikuwa wema kwake, wema wa kukera, wa kumkubalia kila neno. Ithel akaamua kunyamaza. Kutwa nzima alikaa dirishani, na miguuni pake amelala Ffan.

Ffan alikuwa mbwa jike wa kuchungia kondoo, mweusi, kifua cheupe, kijana bado, na hakuna aliyebisha kwamba ndiye bora aliyewahi kutoka mikononi mwa Ithel. Mbwa wa namna ile asipofanya kazi anaoza akiwa hai. Machipuko yalipoingia, Idwal Rees akaja, akaizungusha kofia mikononi, akamwambia Gwenda kwa sauti ya matanga, "Gwenda, yule mbwa anaharibika. Nipeni mimi. Nitamtunza, Mungu shahidi."

Kutoka kitini ikasikika sauti. Ithel alikuwa anahangaika kusema, mate yanamtoka, uso umemwiva. Gwenda akainama, akasikiliza, akamwomba arudie mara kadhaa, hatimaye akanyanyuka. "Anasema usubiri mpaka siku yetu ya kuteremsha kondoo. Siku hiyo akishindwa kumwita Ffan akatii, utamchukua."

Siku hiyo hailetewi utani bondeni. Majirani wote hupanda mlima wa mwenzao na mbwa wao, wanawateremsha kondoo kuja kunyolewa, kisha wanakula kwa mwenye kondoo. Leo kwako, juma lijalo kwangu. Zamu ya Hafod Las huangukia mwanzo wa kiangazi. Idwal akakubali, akaondoka kichwa chini, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba mzee ataweza.

Ndipo Nerys akaingia. Akaketi jikoni kama kawaida yake, akamuuliza Ithel lile swali analomuuliza kila mtu. "Mzee Ithel, mimi na wewe tufanye kazi ili upate nini?"

Wengine hutaka kuzungumza na wajukuu kwenye simu. Wengine wanataka nyama. Ithel alinyoosha kidole chini, kwa mbwa.

"Umemaliza?" Nerys akasema. "Hakuna kingine?"

Ithel akatikisa kichwa.

"Haya. Lakini sauti inataka pumzi, na pumzi inataka mapafu makavu. Kwa hiyo tutaanza na chai yako, na utanichukia."

Alikuwa ameshamwekea mkono kooni na kumtazama anavyomeza. Maji na chai vilikuwa vinakimbia kabla koo halijajiandaa, vinaingia njia ya hewa. Dawa yake ni kuvifanya vizito, viende polepole, mpaka misuli ipate nguvu. Sisi tuna msemo, mgonjwa haulizwi uji. Ithel aliulizwa, na jibu lake lilikuwa kukisukuma kikombe mpaka ukingo wa meza. Nerys hakubishana naye. Alijikorogea kikombe chake mwenyewe, uzito uleule, akainywa ile chai yote kwa vijiko huku akimtazama machoni.

"Mbaya," akasema. "Mbaya kabisa, mtu asikudanganye. Bi Gwenda, niongeze."

Ithel akamtazama muda mrefu. Kisha akakivuta kikombe chake. Tangu siku ile kila Nerys akienda Hafod Las walikunywa pamoja, wote wawili wamekunja uso, na Gwenda akiwacheka.

Mambo yakaenda. Kidevu chini, funda dogo, meza, meza tena. Baada ya chai, mazoezi ya pumzi na mdomo. Halafu siku moja Nerys akafika akamkuta mzee kitandani, ana homa, kifua kinakoroma. Daktari alikuwa ameshapita na kuacha dawa. Nerys akashuka jikoni.

"Bi Gwenda, amekunywa nini?"

"Nini tena? Ile ile yako."

Nerys akaketi. Gwenda akaosha kikombe kilichokwisha oshwa, akakifuta, akakiosha tena. Wahenga hawakukosea, mficha maradhi, kilio humuumbua: Gwenda akakiweka kikombe chini na kuangua kilio.

"Mchungaji alikuja! Nimtilie mchungaji chai kwenye vikombe vyangu vya harusi, halafu mume wangu, mwenye nyumba, akae pale na bakuli la gundi na kijiko kama mtoto? Nitaiweka wapi sura yangu? Nikampa kikombe kama cha mwenzake. Kimoja tu, Nerys. Kimoja! Na alivyofurahi!"

"Ungemwua, mama!" Nerys akafoka, na hasira ilimpanda kweli. "Ungemwua kwa ajili ya vikombe! Ningekuwa mimi huyo mchungaji ningekunywa gundi na mwenye nyumba na nikamshukuru Mungu!"

"Wewe umezoea!" Gwenda naye akawaka. "Wewe ukimaliza unapanda gari lako. Mimi ndiye ninayebaki naye, namwona kila siku anavyopungua!"

Nerys akaona haya. Kweli, alikuwa amemfundisha mgonjwa kumeza, na hakumfundisha mke la kuwaambia wageni. Akainuka, akamkumbatia, wakalia wote wawili, kisha wakapanga. Mgeni yeyote akija, Gwenda atawatilia wote chai nzito, na asiyeitaka anajua mlango ulipo. Na walifanya hivyo. Inasemekana mchungaji alipunguza ziara, lakini mahubiri pia yalifupika.

Ithel akapona, ila amepungukiwa pumzi, na kiangazi kilikuwa kinabisha hodi. Nerys sasa akawa anakuja hata nje ya ratiba yake. Alimfundisha kama alivyofundishwa na kama alivyowafundisha wengine wote: vuta pumzi, fungua mdomo, nenda polepole, livute neno, kila kipande kisikike. Na ilifanya kazi! Ithel alisema, "Gwenda, funga mlango," na Gwenda, amewapa mgongo, mikono kwenye maji ya vyombo, akaenda kuufunga mlango bila kuuliza kitu. Alipofika mlangoni ndipo akatambua. Akabaki ameshika kitasa, anatabasamu.

"Sasa twende kwa mwenyewe," Nerys akasema.

Wakatoka mpaka uwanja wa nyuma, penye kondoo wachache. Ithel akajishikiza ukutani, akavuta pumzi, akamwamuru Ffan awazunguke kondoo. Jamani, alisema vizuri! Polepole, wazi, hakuna herufi iliyodondoka. Nerys alitaka kupiga makofi.

Ffan akanyanyuka, akasogea hatua chache kwa kunyata, akalala kwenye majani.

Ithel akarudia, vizuri zaidi, taratibu zaidi. Ffan akajibana chini zaidi, anamtazama kwa wasiwasi, kama mtu anayetukanwa na hajui kosa lake. Mara ya tatu hakuinuka kabisa. Ithel akageuka akaingia ndani, akarudi kwenye kiti chake cha dirishani. Nerys aliendesha gari mpaka kwenye daraja, akaegesha, akapiga usukani kwa kiganja. Mzee alikuwa amefanya yote aliyoambiwa. Basi kasoro iko wapi?

Siku chache baadaye alirudi akiwa hana jipya la kusema. Alipokuwa anafungua mlango wa gari, kondoo mmoja alikuwa ameingia bustanini kwa Gwenda na anakula kabichi. Gwenda akatokeza na beseni kiunoni, akabweka amri moja, fupi, kavu, nusu ya neno ameimeza mwenyewe. Ffan akaruka kama aliyechomwa, na yule kondoo akatoka bila kuaga.

Nerys akasimama palepale, mguu mmoja ndani ya gari. Kazi yake ni kusikiliza sauti, na sasa alisikia. "Bi Gwenda! Ukitaka aende polepole unamwambiaje?"

"Si navuta tu? Namna hii." Gwenda akaivuta amri ileile, ndefu, laini. Ffan akanyata, akalala.

"Mungu wangu! Kumbe mimi ndiye niliyemsimamisha huyu mbwa!" Nerys akashika kichwa. Mbwa hana habari na herufi. Amri ndefu kwake ni kwenda taratibu, na amri fupi ni kukimbia. Na yeye, Nerys Koo, kwa bidii yake yote, alikuwa amemfundisha mzee wa watu kumwambia mbwa wake, wazi kabisa na kwa matamshi safi, polepole mama, polepole, lala.

Akaingia ndani akicheka mpaka anajishikiza ukutani, akamweleza Ithel. Ithel akamkodolea macho. Kisha bega likaanza kumtikisika, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi akacheka, cheko kubwa la upande mmoja, mpaka akapaliwa na mate yake mwenyewe.

"Kidevu chini!" Nerys akapiga kelele. "Kidevu chini, mzee, ufe siku nyingine!"

Tangu hapo wakaigawa sauti yake. Kwa watu, polepole na wazi. Kwa Ffan, pumzi moja, mpasuko mmoja kutoka tumboni, herufi zijitafutie njia. Jirani aliyepita barabarani alidhani mzee anatapika. Lakini Ffan alikuwa anakimbia.

Siku ya kuteremsha kondoo Nerys aliomba ruhusa kazini, akaja eti kumsaidia Gwenda kumenya viazi. Hakumenya kitu. Alisimama mlangoni na kisu mkononi. Wanaume walikuwa wametapakaa mlimani na mbwa wao, Idwal juu kabisa. Ithel amesimama chini, karibu na lango la zizi, na fimbo yake, Ffan pembeni. Wote walijua leo ni siku gani. Hakuna aliyetania.

Ithel akamtuma. Ffan akapanda mbio, akaruka ukuta wa kwanza. Ithel akaita tena, lakini upepo ulikuwa unatoka juu, na ile pumzi yake ndogo haikufika popote. Ffan akasimama katikati ya mteremko, akageuza kichwa, masikio juu, anangoja. Ithel akaita tena. Mbwa hasikii. Kutoka juu Idwal akapiga mluzi, na Ffan, ambaye kazi ilikuwa inamwasha miguuni, akazunguka akaenda kwa Idwal.

Nerys alimwona Ithel ameegemea fimbo na mikono yote miwili, kichwa chini. "Ameisha," Gwenda alinong'ona nyuma yake. "Nerys, ameisha."

Kondoo wakaanza kuteremka, mlima mzima unalia, mbwa huku na huku. Walikuwa wamekaribia lango pale kondoo jike mmoja mzee, mkorofi anayejulikana, alipochomoka kuelekea njia ya mto. Wa nyuma yake wakaanza kumfuata. Mto ulikuwa umejaa. Idwal alikuwa bado mbali, analaani na kukimbia na magoti yake mabovu, mluzi haumtoki kwa kuhema.

Ithel akainua kichwa. Ilitoka sauti moja, fupi, kali, ambayo hakuna mwalimu angeiita neno. Ffan akajitupa nje ya kundi, akakata mbele ya yule mkorofi, akamkazia macho. Sauti ya pili. Akalala chini pale pale, amefunga njia ya mto peke yake. Kundi likasita, likayumba, kisha likageuka likamiminika zizini, na Ithel mwenyewe akafunga lango.

Wanaume wakashuka wakasimama ukutani. Idwal akaja mpaka mbele ya Ithel, anahema, matope mpaka kiunoni.

"Hapa chini amekusikia," akasema. "Juu hakukusikia."

Ithel akavuta pumzi. "Mlimani... mchukue wewe. Jioni... arudi kwangu."

"Wee! Mbwa hana mabwana wawili!"

"Anaweza."

"Hawezi, Ithel! Umewahi kuona wapi? Utamharibu!"

"Ni wangu."

"Najua ni wako! Nimesema si wako? Lakini wewe tangu shule ni mtu wa kushikilia jambo la kipuuzi mpaka likuozee mkononi! Kichwa chako kigumu kuliko cha yule kondoo!"

Ithel akashika ukuta. Nerys aliuona mdomo wake ukijipanga, polepole, kila kipande mahali pake, na kila mtu pale alikiona kinachokuja. Idwal alishaanza kuwa mwekundu, lakini hakumkatiza.

"Na... wewe," Ithel akasema, "tangu... umezaliwa... hujawahi... kufunga... lango."

Ukuta mzima ulipasuka kwa kicheko. Idwal akatupa kofia chini, akaanza kutetea malango yake yote, moja baada ya jingine, kwa kelele, na Ithel akimtikisia kidole.

Gwenda alimkamata Nerys mkono kwa nguvu mpaka kisu kikaanguka. "Wanagombana," akasema, machozi yanamtiririka. "Sikiliza, Nerys! Wanagombana!" Nerys naye alikuwa analia kama mtoto, na hakuona sababu ya kujificha.

Pale langoni Idwal akaokota kofia yake, akaipigapiga pajani.

"Jioni, basi," akasema. "Na nikichelewa kumrudisha je?"

Ithel akafikiri, akavuta pumzi. "Nitakuja... nikutukane... tena."

"Basi nitachelewa makusudi," Idwal akasema.